Wakuu, unit 28 ni nini kwa mtu wa kawaida? Ubao wa chaki ulivyoipiga bao Excel yangu

Kibatari (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Uzi mrefu huu, mwenye haraka apite tu.

Mimi kazi yangu dizaini, zile kurasa za simu unazobonyeza, mteja analeta madata yake mimi napanga yaonekaneje. Nimekaa miaka kwenye AC nachora vigrafu najiona mjuzi. Aliyenitia adabu ni nyumba ninayopanga, Mbagala, vyumba sita LUKU moja, yaani mita moja ya umeme wa kununua kabla ya kutumia.

Aliyewahi kukaa nyumba ya LUKU moja haitaji maelezo. Tulikuwa tunachanga sawasawa elfu kumi kumi kwa mwezi, mmoja ana friji la biashara mwingine ana balbu moja na chaja ya simu. Af umeme ukikata saa tatu usiku ndo unajua tabia za watu, korido nzima kimya, kila mtu kajifanya kalala, mnaviziana nani joto litamshinda kwanza atoke akanunue. Asubuhi maneno. Mama wa chumba cha 2 anauza barafu, jamaa wa cha 3 ana sabufa, hao wawili wakianza mpaka mwenye nyumba apigiwe simu.

Nikasema hili ni tatizo la data hili, dogo tu kwangu. Tukachanga, fundi akafunga mita ndogo kila chumba, mimi nikajitolea uhasibu. Kila Jumapili nazunguka na daftari nasoma namba, naingiza Excel, natoa grafu ya rangi sita na duara la asilimia, narusha kwenye grupu la WhatsApp la nyumba. Kazi safi, hata bosi wangu angeipitisha. Majibu? Mwezi wa kwanza dole gumba moja. Mwezi wa pili nikamuuliza bibi wa chumba cha 4, ambaye mjukuu wake humwonyesha kwenye simu, ameionaje. Akaniambia "nimeiona mjukuu wangu, nzuri, ina rangi kama kanga."

Ijumaa ile umeme ukakata, korido kimya kama kawaida.

Nililala nawaza. Hamna mtu mle ndani aliyewahi kuuliza chumba cha 2 kimekula asilimia ngapi. Walikuwa na maswali mawili tu, umeme utaisha lini na mimi natakiwa nitoe shilingi ngapi. Excel ilikuwa na majibu yote mawili, ila nimeyafukia chini ya rangi sita.

---

Kibatari

Naendelea.

Chukua ile meseji ya umeme. Ukinunua wa elfu kumi kwa sisi tulio kundi la kawaida, siyo wale watumiaji wadogo wa unit 75 kwa 9,150, unapata unit 28.1 hivi. Inakuja hiyo KWH 28.1 (KWH ndo unit yenyewe), VAT 18%, REA 3% ya umeme vijijini, EWURA 1% ya mdhibiti wa nishati, kila kitu kipo hapo na hesabu inafunga. Sasa mwonyeshe mama ambaye anatoka sokoni, muulize 28.1 ni nyingi au kidogo. Hajui. Na mimi dizaina nilikuwa sijui vilevile, mpaka nilipoangalia daftari nikaona nyumba nzima tunakula kama unit tano na nusu kwa siku. 28 gawa kwa tano na nusu ni siku tano. Kumbe elfu kumi ya Jumatatu inafia Ijumaa usiku, ndo maana vita vyetu vilikuwa Ijumaa, tulikuwa tunasingizia mashetani.

Nikanunua ubao mdogo wa kufundishia watoto. Nikautundika koridoni mbele ya mlango wa choo, kwa sababu asubuhi kila mtu lazima asimame pale na taulo lake na ndoo akisubiri zamu, hana pa kuangalia. Nikaandika kwa chaki

UMEME: SIKU 5
UTAISHA: IJUMAA USIKU
ZAMU: CHUMBA CHA 3

Basi. Grafu hamna.

Ijumaa mchana niko kazini meseji ikaingia kwenye grupu, chumba cha 3 kanunua, bila kugongewa mlango na mtu. Jamaa huyuhuyu wa sabufa.

---

MzeeWaKazi

Kwa hiyo mkuu uzi wote huu umegundua kugawanya? 😂😂 Darasa la nne tulifundishwa.

---

Kibatari

😂 Ndio mzee wangu, shikamoo. Ila kugawanya nilikuwa nimewaachia wao wagawanye wakiwa na usingizi, mswaki mdomoni. Hapo ndo kosa langu lilipokuwa.

---

Fundi wa Tabata

Mimi fundi. Mkuu umetumia ubao lakini kuna kitu kizuri kuliko ubao na kipo kwenye mita tayari, watu wanakitazama kila siku hawakioni. Ile taa nyekundu inayokonyeza. Soma usoni mwa mita yako imeandikwa 1000 imp/kWh au 1600 kutegemea mita. Kama ni 1000 maana yake taa ikikonyeza mara elfu moja umemaliza unit moja. Sasa zima kila kitu, washa jagi la kuchemshia la wati 1500 peke yake, hesabu dakika moja. Zitakuja 25. Zima jagi acha balbu tu za jumla wati 60, itakonyeza mara moja kwa dakika nzima mpaka udhani imekufa.

Mteja nikimwambia jagi lako ni kilowati moja na nusu ananiangalia tu, nikimsimamisha mbele ya mita nikawasha jagi ile taa ikaanza kukimbia anashika kichwa mwenyewe.

---

Kibatari

Fundi umenifungua macho, kesho naijaribu.

---

Mama Mapacha

Naomba nichangie na mimi japo sijui dizaini. Mimi natoka kazini saa mbili usiku, umeme ukiisha watoto wako nyumbani na dada. Nanunua kwa simu namsomea mwanangu wa miaka kumi ile tokeni kwa simu, yeye anabonyeza. Zile namba ishirini zimekatwa nne nne, basi namsomea "saba mbili sifuri moja" ananirudishia, "haya nyingine". Makundi matano tumemaliza. Kuna siku mtu alininunulia akanitumia kwa kuandika mwenyewe, zote ishirini zimeshikana bila nafasi, tulirudia mara nne mtoto analia na mimi niko kwenye daladala nimesimama. Namba zilezile, nafasi tu hamna.

---

Kibatari

Mama Mapacha hiyo ni dizaini, na wewe umeieleza kuliko kitabu. Namba ishirini hazishikiki kichwani ila nne zinashikika mpaka mtoto amalize kubonyeza. Aliyeamua ziandikwe nne nne hajaongeza data yoyote, kaweka nafasi nne tu, na kitu kikatumika na mtoto wa miaka kumi gizani.

---

Wa Githurai

Sasa wasee, huku Kenya pia tokeni za stima ni namba ishirini, ziko nne nne na vistari. Lakini mnakumbuka ile ya 2024? Unanunua tokeni za mia mbili unatumiwa makundi matatu ya namba ishirini ishirini, ati ingiza la kwanza, halafu la pili, halafu ndio la tatu lenye stima yako. Watu wengi kwa ploti yetu walianza na la tatu juu ndilo lilikuwa na kitu wanataka. Keateka, yule msimamizi wa ploti, anaenda mlango kwa mlango na karatasi amechora 1, 2, 3 na mshale. Hiyo karatasi ndio ilisaidia, si ile SMS ndefu.

---

Fundi wa Tabata

Na kwetu ilikuwa hivyohivyo, makundi matatu. Sababu yake nawapa kwa ufupi maana wengi walidhani ni utapeli. Mita hizi haziongei na ofisi kabisa. Zile namba ishirini ndo zenye kila kitu ndani yake, kiasi cha unit zako na muda tokeni ilipotengenezwa, vimefichwa kwa ufunguo wa mita yako peke yake, mita nyingine haiwezi kuzifungua. Muda wenyewe unahesabiwa kwa dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993, na nafasi iliyotengwa inabeba dakika 16,777,216 basi, zinazofuata hazina pa kukaa. Piga hesabu ni kama miaka 32 kasoro kidogo, ikaangukia tarehe 24 Novemba 2024. Makundi mawili ya kwanza yalikuwa ni ya kubadilisha ufunguo ili saa ianze upya. Ndo maana yalitakiwa yaingie kwanza.

---

MzeeWaKazi

Aisee fundi hii sikuijua. Miaka yote najua mita inapiga simu ofisini.

---

Kibatari

Nimerudi na ripoti ya taa. Jana usiku nilifanya kama Fundi alivyosema, nikawaita watoto wa chumba cha 6 wahesabu, jagi langu lilitoa 24 kwa dakika moja. Kosa nililofanya ni kuwaambia watoto. Leo alfajiri dada wa saluni kawasha hita ya ndoo, katoto kakapiga kelele korido nzima "TAA INAKIMBIAAA". Sasa ndo mchezo wa nyumba. Mtu akipiga pasi nguo za wiki nzima anatangazwa.

Ila hapo kuna jambo nilitaka kulisema, afadhali niliseme maana mnanisifia sana.

Wiki ya tatu ya ubao nilinogewa. Nikaongeza orodha, chumba cha 1 unit kadhaa, cha 2 kadhaa, mpaka cha 6, nikapanga kutoka mkubwa kwenda mdogo kama msimamo wa ligi. Nilidhani nawasaidia. Dada wa saluni alirudi usiku akasoma, akaja mlangoni kwangu, hakugombana, alisema tu "kaka, kwa hiyo sasa hivi nyumba nzima inajua naoga maji ya moto". Nilikosa cha kujibu. Namba ilikuwa ya kweli, na mita nilisoma kwa ruhusa yake. Lakini kuisoma ili alipe haki yake ni kitu kimoja na kuibandika mlango wa choo ni kingine. Nilifuta usiku uleule kwa kanda mbili.

---

Mhitimu Asiye na Ajira

Mkuu hiyo ya ligi ina upande wa pili pia. Kuna utafiti maarufu ulifanyika San Marcos, California, ukachapishwa 2007, kaya karibu 290. Waliwapa watu karatasi mlangoni, wewe umetumia hivi na wastani wa majirani ni huu. Waliokuwa juu ya wastani wakapunguza kama ilivyotarajiwa. Waliokuwa chini ya wastani... wakapandisha! Kama vile wamejiambia kumbe najibana bure. Walipoongeza kale kakatuni kanakotabasamu pembeni ya namba kwa waliokuwa chini, wakabaki chini. Namba ile ile, tofauti ni kauso tu.

---

Kibatari

Daah. Wiki ile ya ligi jamaa wa sabufa aliona yupo wa nne akasema "kumbe mimi mbona sina neno" na Jumamosi akafungulia mpaka vikombe vinacheza kabatini. Nilidhani ni ujeuri wake tu.

Kwa hiyo sasa hivi ubaoni kuna vya nyumba nzima tu, siku na zamu. Cha mtu binafsi anapewa mwenyewe, kwa shilingi. Simpi unit. Bibi wa chumba cha 4, mwezi wa kwanza wa utaratibu huu, nilimwandikia kwenye kikaratasi, UMEME WAKO MWEZI HUU NI WA SHILINGI 3,200. Unit tisa zile, balbu na redio. Akavua miwani. "Na mimi nilikuwa natoa elfu kumi?" Ndio bibi. Akakaa kimya weee, kisha "toka mwaka jana?" Wakuu, hiyo namba ilikuwa kwenye duara la asilimia miezi miwili, kaipande ka njano kembamba, na ndo ileile aliyoniambia ina rangi za kanga.

Mama wa barafu yake ilikuja 23,500 kwa mwezi. Nilijua atanikana. Hakubisha, alichukua kalamu yangu akagawa mwenyewe kwa siku, kisha kwa pakti anazouza, akapata kama shilingi kumi na tatu kila pakti. Akasema "aa, hainiumizi, naiuza mia". Toka siku hiyo analipa lote bila neno na sabufa hawagombani tena, au wanagombana kwa mambo mengine. Yeye kipimo chake ni pakti, nisingekaa nikakijua kwa kukaa na kompyuta.

---

MzeeWaKazi

Hapo nimekuelewa. Naomba nifute ile ya darasa la nne 😂

---

Chumvi ya Bahari

Swali. Siku 5 unazijuaje? Wakija wageni je? Mimi kwangu sikukuu moja tu inakula wiki.

---

Kibatari

Umegusa kidonda. Idi iliyopita ubao ulisema siku 4, ndugu wa chumba cha 6 wakaja nane toka Kilwa, friji linafunguliwa kila dakika, pasi, tv mpaka usiku wa manane. Umeme ukakata siku ya pili jioni, pilau ipo mezani. Sikukuu nzima naitwa "siku nne". Na baada ya hapo wiki mbili watu hawakuuamini ubao, wakarudi kuviziana gizani vilevile. Kuukosea mara moja tu kuliwafanya wasahau mara kumi ulizosema kweli.

Nikabadilisha vitu viwili. Cha kwanza naandika SIKU 4 AU 5, na ikiwa katikati naangukia chini, maana umeme kubaki hakuna aliyewahi kulalamika. Cha pili chini kabisa naandika nimesoma lini, "Jumanne asubuhi", ili mtu akiona ni Alhamisi ajue ubao umechacha.

Na kuna mtego mwingine wa mwanzo wa mwezi. Mnajua kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, ilianza Agosti 2021 elfu moja kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda kuwa 1,500 toka Julai 2023. Sasa anayenunua wa kwanza kila mwezi, elfu kumi yake inatoa unit 23.9 badala ya 28.1. Mimi ubaoni nilishaandika siku 5 kwa mazoea, ikatoka siku 4, na aliyenunua alikuwa chumba cha 3, akashutumiwa kanunua wa elfu nane na mia tano kabaki na chenji. Kaonyesha meseji ndo wakaamini. Sasa tarehe za mwanzo nachora alama ya kinyumba pembeni, maana yake kodi imekatwa, na hiyo 1,500 mwenye nyumba anaturudishia kwenye pango maana kodi ni yake.

---

Wa Githurai

Bro tengeneza apu hii kitu, utauza.

---

Kibatari

Kila mtu ananiambia hivyo na ndo kazi yangu, ila nikiwaza... bibi ana kiswaswadu, mama wa barafu bando anaweka Jumamosi kwa Jumamosi, na apu hata ingekuwa bure mtu lazima aikumbuke kuifungua. Choo hakisahauliki. Labda meseji moja asubuhi ya siku ya mwisho, "umeme unaisha leo usiku, zamu yako", hiyo sawa. Zaidi ya hapo nitakuwa narudisha grafu kwa mlango wa nyuma.

---

Mama Mapacha

Naomba basi picha ya ubao nikauweke na kwangu, tupo vyumba vinne.

---

Kibatari

Mama picha nitaweka usiku nikitoka kazini. Usihangaike na mistari, andika herufi kubwa mtu asome akiwa na usingizi.

---

Kibatari

Picha hii hapa, ila wakuu kuna jambo. Nimerudi sasa hivi nimekuta mtu kafuta SIKU 4 AU 5 kaandika SIKU 3, na chini yake kwa mwandiko wa kulalia "wageni chumba cha 5, na pasi za shule kesho". Si mwandiko wangu. Nimeuliza korido nzima hamna aliyejibu, katoto ka chumba cha 6 kamekimbilia nyuma ya ndoo kanacheka.

Nikaenda kusoma mita. Kweli, ni siku tatu.

---

MzeeWaKazi

Wamekupora kazi 😂 Na zamu ya nani?

---

Kibatari

Zamu chumba cha 1. Chumba cha 1 ni mimi. Wameipigia mstari mara mbili.